Kabla hujalipia rapia na hanjari yake: namna ya kuzikagua

Sanduku lilifika karakanani kwangu Katwe, Kampala, limefungwa nyuma ya bodaboda, refu kama chuma cha pazia, limezungushiwa selotepu mpaka halina pa kulianzia. Kijana wa kundi la maigizo aliyelileta alikuwa na siku 14 za kurudisha mali kama haimfai. "Mzee, tuangalizie," akasema. "Muuzaji anadai ni jozi, upanga na kisu chake cha mkono wa kushoto, vimetoka mkono mmoja. Sisi tunachokiona ni kung'aa tu."

Kung'aa ni kazi ya msasa na dakika ishirini. Riziki yangu mimi ni kukereza shafti na kuchomelea mageti, lakini tangu watu wa jukwaani walipojua kwamba nina subira na vitu vya ajabu, nimefungua na kufunga panga za Kizungu nyingi kuliko nilivyowahi kudhani. Utaratibu ninaoufuata mezani ndio huu. Ufuate kabla siku zako za kurudisha mali hazijaisha, usije ukabaki na mbuzi uliyemnunua ndani ya gunia.

Rapia ni upanga mrefu mwembamba wa Ulaya ya karne ya 16 na 17, wa kuchoma kwa ncha kuliko kukata. Raia aliivaa kiunoni pamoja na nguo zake za kutokea, na jina lake la Kihispania, espada ropera, linatokana na neno lenye maana ya nguo. Mkono wa kushoto ulishika hanjari ya kukinga, kisu cha bapa gumu chenye kikingio kipana, kazi yake kuupokea upanga wa mpinzani na kuushika kidogo wakati wako unaingia. Hapa kwetu ukisema panga mtu anafikiria kukata mgomba, na ukisema kitara anafikiria ufalme wa Bunyoro-Kitara, kwa hiyo nitabaki na rapia na hanjari.

Maneno mengine ya kushika: bapa ni chuma chote kilicho nje ya mpini. Shingo ni ile sehemu nene isiyo na makali mwanzo wa bapa. Msalaba ni mikono miwili ya chuma inayokatiza kati ya bapa na mpini, na pete ni vyuma vilivyopinda kuvizunguka vidole. Kirungu ni kile kichwa cha chuma nyuma ya mpini. Na msuka, kama ule wa jembe au kisu cha jikoni, ni mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini. Huo msuka ndio tutakaokesha nao.

Kwanza jiulize unaitakia nini

Kuna nakala za kutundika ukutani, za jukwaani, za mazoezi ya watu wawili wanaogongana kweli, na nakala zenye makali na ncha kamili kwa wakusanyaji. Ya mazoezi lazima iwe na makali butu, unene wa milimita moja na nusu hadi mbili ukingoni, na ncha iliyopanuliwa au kukunjwa kisha ikavalishwa mpira. Yenye ncha kamili haifai kuelekezewa binadamu, hata kama mnacheza. Ya ukutani haifai kugongwa na kitu chochote, basi. Muuzaji akikuambia kwamba mali yake inafaa kwa yote manne, shika pochi yako vizuri.

Mwandikie umwulize kwa neno moja moja: bapa ni chuma gani, msuka umefungwaje, uzito gramu ngapi, kitovu cha uzito kiko sentimita ngapi mbele ya msalaba. Mtengenezaji anayejua kazi yake hujibu siku hiyo hiyo, maana maswali hayo ameshayajibu mara mia. Muuzaji wa kijana wangu alijibu kwa kutuma picha nyingine zenye mwanga mzuri zaidi.

Mizani na futi kamba

Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha. Rapia nyingi za asili zilizobaki makumbushoni, na nakala nzuri zinazozifuata, huwa kati ya kilo moja na kilo 1.4. Ikizidi kilo 1.6 kuna mtu aliyekata bapa kutoka kwenye sahani ya chuma bila kulipunguza, au kirungu kimejazwa risasi ili kuficha hilo. Ikiwa chini ya gramu 800, huenda wamekuvalishia fimbo ya michezo ya kisasa mpini wa kale. Hanjari iwe kati ya gramu 350 na 550 hivi.

Za sanduku letu: rapia gramu 1,180, hanjari gramu 640. Nikaziandika kwa chaki juu ya meza na kuizungushia duara ile ya pili.

Urefu unategemea mwili wako. Bapa la kawaida lina sentimita 100 hadi 115. Ridolfo Capo Ferro, mwalimu wa upanga aliyechapisha mafundisho yake Siena mwaka 1610, alitaka upanga uwe na urefu mara mbili ya mkono, sawa na kutoka kwapani hadi wayo. Gérard Thibault, ambaye kitabu chake kilitoka 1630, alitaka ukisimamisha ncha chini, msalaba ukufike kitovuni. Tofauti kati ya hao wawili ni kubwa, kwa hiyo usikubali mtu akuambie kuna urefu mmoja sahihi. Jaribu tu: simamisha upanga kando ya mguu, ncha juu ya kipande cha mbao, uone msalaba umekufika wapi. Uingereza nako serikali iliona panga zimezidi urefu. Tangazo la Malkia Elizabeth wa Kwanza la mwaka 1562 liliweka kikomo cha yadi moja pamoja na nusu ya robo yadi kwa bapa la upanga, karibu sentimita 103, na inchi 12 kwa hanjari, kama sentimita 30. Ukizichukua namba hizo mbili utakuwa na jozi inayobebeka mjini, na kwa ukumbi mdogo wa maigizo ningezipendelea kuliko urefu wa Capo Ferro. Mtu mwenye bapa la sentimita 115 kwenye jukwaa jembamba anapasua taa.

Unene hauonekani kwa macho

Hapa chukua vania, kile kipimo cha taya mbili cha kupimia unene. Kama huna, mwombe fundi yeyote wa kukereza, atakuazima ukiwa umesimama naye. Pima unene wa bapa sehemu tano: shingoni, robo, nusu, robo tatu, na vidole vinne kabla ya ncha. Bapa zuri linaanza na milimita sita au saba hivi na kushuka taratibu hadi mbili au tatu mbele. Kushuka huko ndiko kunakofanya upanga wa mita moja na ushee uende unapouelekeza. Bapa lenye unene ule ule mwanzo mwisho limekatwa kwenye sahani na kuchongewa ncha kama penseli. Litakuwa zito mbele na litaning'inia mkononi kama bomba la maji.

Fanya vivyo hivyo kwa upana. Kisha liangalie bapa kama fundi anavyoangalia mbao: kirungu shavuni, jicho moja limefumbwa, ncha mbele dirishani. Mkunjo mdogo wa kufuata ubavu ni wa kawaida na hunyooshwa kwa mikono. Mkunjo wa kufuata makali, au bapa lililojinyonga kama kamba, ni kosa la kwenye moto, hapo ndipo unarudisha bila mjadala.

Uzito umekaa wapi

Laza bapa juu ya kidole cha shahada, lisogeze mpaka litulie bila kuanguka upande wowote. Pima kutoka hapo hadi msalabani. Kwa rapia, sentimita 7 hadi 12 mbele ya msalaba ni pazuri. Ikiwa karibu zaidi ya hapo upanga unakuwa mwepesi wa kudanganya, hauna nguvu ya kusukuma upanga wa mwingine. Ikiwa mbali zaidi kifundo cha mkono kitalia ndani ya wiki moja. Hanjari inatakiwa itulie hapo hapo msalabani au upana wa vidole viwili mbele.

Lakini kitovu cha uzito kinaweza kughushiwa kwa kuongeza kirungu kizito, ndiyo sababu nina jaribio jingine, na hili nalipenda kuliko yote. Shika mpini kwa vidole viwili karibu na msalaba, acha upanga uning'inie ncha chini, halafu tikisa mkono kushoto na kulia haraka haraka, kidogo tu. Tazama bapa. Kuna mahali patakapotulia huku pande zote zinacheza, kama sehemu ya kamba ya kuruka isiyosogea. Kwa rapia nzuri mahali hapo pako karibu sana na ncha. Maana yake ni kwamba unaweza kusogeza mkono kukinga huku ncha yako imebaki inamtazama mwenzio. Kama panapotulia ni katikati ya bapa, basi kila ukisogeza mkono ncha inakimbia kwingine, na hakuna mazoezi yatakayoiponya.

Ya kijana ilitulia kama sentimita nane kabla ya ncha. Nikamwita ajaribu mwenyewe. Akatikisa, akaona, akacheka kama mtoto.

Kupinda

Vaa miwani ya kazi. Weka ncha butu kwenye mbao iliyosimama ukutani, mpini usawa wa nyonga, sukuma polepole mpaka bapa lipinde upana wa kiganja hivi. Angalia linapopinda wapi. Theluthi ya karibu na mpini isipinde, maana hiyo ndiyo unayokingia. Mkunjo uanze baada ya hapo na uongezeke kuelekea ncha. Achia. Lazima lirudi na kunyooka kabisa. Geuza upande wa pili urudie. Bapa linalobaki na mkunjo ni laini mno, halikupata moto wa kutosha au halikuzimwa sawasawa kwenye mafuta. Lisilokubali kupinda hata kidogo nalo usilishindanishe. Panga zenye ncha kamili nyingi zilikuwa ngumu makusudi, na chuma kilichokauka kupita kiasi kinaweza kukatika mbele ya uso wako. Hanjari haipaswi kupinda kabisa, kwa hiyo usiipinde.

Kuhusu chuma chenyewe, wauzaji huandika namba: 1060, 5160, 6150, 9260. Zote ni feleji zinazofaa. 5160 ni ndugu wa springi za magari tunazozijua, chuma chenye kaboni ya asilimia 0.6 hivi na kromi kidogo. Ukikuta 420 au 440, hicho ni chuma kisichoshika kutu, kizuri kwa visu vya mezani. Kwenye bapa refu kinachukuliwa kuwa cha ukutani. Sumaku haitakusaidia kuvitofautisha, inavishika vyote. Itakusaidia kwenye kirungu na msalaba: kama haishiki kabisa na kitu si shaba, huenda vimemiminwa kwa zinki, na zinki ikigongwa hukatika kama biskuti.

Tupa inasema zaidi. Ipitishe mara moja pale shingoni mahali ambapo pete zitaficha alama, kwa ruhusa ya mwenye mali. Ikizama kama kwenye nondo ya ujenzi, bapa ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo, ni gumu kupita kiasi. Inayotakiwa ni ile ya kukwaruza kwa shida, mkono ukihisi kukataliwa.

Msuka

Miaka miwili iliyopita kundi jingine lilikuwa likifanya mazoezi kwenye ukumbi wa shule, na upanga wao mmoja, wa aina ya mazoezi, ukakatika. Bapa lilimpita mwigizaji begani likaenda kulala katikati ya viti vya plastiki. Mwigizaji alibaki ameshika mpini, anautazama. Waliniletea vipande vyote viwili kwenye gazeti.

Ulikatikia pale pale panapokatikia panga nyingi mbovu, begani kwa bapa, mahali upana wa bapa unapopungua ghafla kuwa msuka. Kona ilikuwa ya mraba, kali kama ya dirisha. Chuma hakipendi kona kali, kila pigo linajikusanya hapo. Na uso wa mkato ulikuwa na rangi mbili: theluthi moja ya kahawia yenye kutu, iliyobaki ya kijivu inayong'aa. Ile kutu ndiyo habari yenyewe. Ufa ulikuwepo wiki nyingi kabla, ukiingiza unyevu na jasho, umefichwa na mpini wenye waya mzuri uliosukwa. Chembe za ile sehemu mpya zilikuwa kubwa kama sukari, dalili kwamba chuma kiliungua motoni. Chuma kizuri kikikatika uso wake ni laini, wa kijivu kama majivu yaliyochekechwa.

Kwa hiyo, msuka. Namna za kuufunga ziko mbili. Ya kwanza, mwisho wa msuka unatokeza nyuma ya kirungu na kugongwa ukiwa moto mpaka unapanuka kama kichwa cha ribiti. Haifunguki. Ya pili, mwisho wake una hesi, na kirungu au nati ndogo inaubana. Inafunguka. Zote zinakubalika. Ninachokikataa ni msuka usio sehemu ya bapa: nondo nyembamba iliyochomelewa kwenye mkia wa bapa uliokatwa butu. Kipande cha hesi kilichochomelewa mbali kabisa, nyuma karibu na kirungu, kwenye msuka mpana, naweza kuishi nacho kwa upanga wa jukwaani. Kilichochomelewa chini ya msalaba, sigusi.

Kama kuna nati, ifungue. Funga kitambaa kwenye spana usikwaruze, toa kirungu, toa mpini, toa msalaba, panga kila kitu kwa mfuatano na upige picha. Angalia mabega: yawe na mviringo. Msuka uwe mpana angalau nusu ya upana wa shingo pale mwanzo, ukipungua taratibu. Usione haya kufungua mbele ya muuzaji.

Kama umegongwa ribiti, utategemea sikio. Shika mpini kwa nguvu, piga ubavu wa bapa kwa kisigino cha mkono. Mlio mmoja unaodumu ni mzuri. Mlio unaochanganyika na mvumo, kama redio iliyo pembeni ya stesheni, unamaanisha kuna kitu kimelegea ndani. Mulika tochi kwenye tundu la msalaba uone kama pana nafasi kati ya bega na chuma. Na mwombe muuzaji picha ya bapa kabla halijavishwa mpini. Watengenezaji wa kweli wanazo, huwa wanajivunia.

Rapia yetu ilikuwa ya ribiti. Ililia vizuri, mabega yamekaa bila mwanya. Hanjari ilikuwa na nati.

Mkono ndani ya chuma

Rapia haishikwi kama panga. Kidole cha shahada kinapita juu ya msalaba na kukumbatia shingo, kwa hiyo shingo iwe butu na iliyolainishwa kingo, na nafasi kati ya msalaba na pete iwatoshe vidole vilivyovaa glovu. Nakala nyingi zinashindwa hapa, zimetengenezwa na mtu ambaye hakuwahi kuzishika. Vaa glovu yako, ingiza mkono, zungusha kifundo pande zote. Kama chuma kinakugusa mfupa sasa hivi, baada ya nusu saa kitakuchubua.

Angalia pete zinapoungana. Kuunga kwa shaba, kwenye mstari mwembamba wa njano, ni kazi ya heshima. Uvimbe wa kuchomelea uliofunikwa na rangi nyeusi si kazi ya heshima. Minya pete mbili kwa kiganja, zisiongee. Na kumbuka kwamba rapia yenye pete za kuzunguka ina upande wake: mwenye kutumia mkono wa kushoto aagize ya kushoto, la sivyo migongo ya vidole vyake itabaki wazi. Zile zenye kikingio cha umbo la bakuli hazina shida hiyo.

Mpini wenyewe usizunguke hata nywele. Huwa ni mbao iliyofungwa waya, na mbao iliyokaushwa nchi ya baridi inaweza kuvimba ikikutana na hewa ya ziwa letu, kisha ikasinyaa kiangazi. Ukiisikia inacheza mwezi wa pili baada ya kununua, kaza nati kwanza kabla ya kumlaumu mtu.

Hanjari, ambayo wengi huiacha mwisho

Muuzaji akisema jozi, anamaanisha kwamba virungu vinafanana, waya umesukwa namna moja, na vimepakwa rangi moja. Zamani jozi za namna hiyo zilikuwepo kweli. Watawala wa Saxony, Ujerumani, walikuwa na upanga na hanjari vilivyopambwa pamoja. Lakini hata wao mabapa yao yalitoka wanakojua. Rapia ya mmoja wao, Mteule Christian wa Pili, ya mwaka 1606, iliyoko Metropolitan Museum huko New York, mpini wake ni kazi ya Israel Schuech wa Dresden na bapa lake ni la Toledo, mji wa Hispania uliosifika kwa mabapa. Pambo lilitoka mkono mmoja, chuma mkono mwingine, na kila fundi alifanya anachokijua. Kwa sababu hiyo hiyo neno Toledo lililochorwa kwenye bapa lako la kisasa lisikutie kiwewe. Hata enzi zile mafundi wa Solingen, Ujerumani, walichora majina ya mafundi wa Toledo kwenye kazi zao.

Mimi jozi naiangalia kwa kazi. Shika hanjari mkono wa kushoto, dole gumba limelazwa juu ya ubavu wa shingo, pete ya pembeni ikifunika mgongo wa vidole upande wa pili. Kama dole gumba halina pa kukaa, hiyo ni hanjari ya picha. Kisha mwenzio alete rapia polepole sana, aikatize juu ya bapa la hanjari, aiteremshe mpaka msalabani. Inasimama kwenye mikono ya msalaba au inateleza hadi kwenye ngozi yako? Zungusha kifundo kidogo: inabanwa, au inachomoka? Msalaba ulionyooka unazuia, uliopinda kuelekea ncha unashika zaidi. Rudia na mpini wa rapia ukiwa juu, chini, kulia, kushoto. Dakika tano tu na utakuwa unaijua hanjari hiyo kuliko aliyeiuza. Zile zenye meno kama msumeno, zinazoitwa za kuvunjia panga, ni nzuri kutazama. Kuvunja bapa la feleji kwa kifundo cha mkono sijaona.

Halafu jaribio la uvivu. Nyoosha mkono wa kushoto mbele, hanjari usawa wa kifua, ukae hivyo dakika mbili ukiangalia saa. Ndivyo itakavyokaa kazini, mbele, imenyooka, bila kupumzika. Kijana alianza kwa tabasamu. Sekunde ya 50 ncha ilikuwa inatazama sakafu.

Nikaifungua ile nati. Kirungu kikatoka, mpini ukatoka, na pale chini ya msalaba pakawa na bapa lililokatwa butu kama ubao, nondo ya milimita sita imechomelewa katikati, matone ya kuchomelea bado yameganda pembeni. Yule kijana hakuhitaji maelezo, geti lolote la Katwe lina kiungo kizuri kuliko kile.

Tukapiga picha tatu, tukamtumia muuzaji. Jibu lake lilikuwa kwamba hanjari ni pambo la seti. Akakubali kurudisha sehemu ya pesa, nasi tukabaki na vyote viwili.

Njia na forodha

Kama unaagiza nje, panga huingia forodhani chini ya namba 9307 kwenye orodha ya kimataifa ya bidhaa. Muuzaji aandike hivyo kwenye ankara, si "vifaa vya mapambo", kwa sababu mzigo uliotajwa vibaya ndio unaofunguliwa na kukaa. VAT ni asilimia 18, juu yake kuna ushuru. Nenda ofisi za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, na ankara mkononi uulize kabla ya kulipa chochote. Ukishaupata, usiupande nao bodaboda ukiwa wazi. Begi refu la gitaa linafaa, pamoja na barua ya kundi lako la maigizo au mazoezi. Askari wa njiani hana wajibu wa kujua Capo Ferro ni nani.

Kutu

Futa alama za vidole kila baada ya kushika, kisha pitisha mafuta ya cherehani kwa kitambaa, tone mbili tatu zinatosha bapa zima. Mafuta ya kupikia yanaganda na kunata, usithubutu. Usihifadhi bapa ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inavuta unyevu na ina dawa zake zinazokula chuma. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, mimi huangalia kila Jumamosi.

Ile hanjari

Jirani yangu mfua chuma alipata kipande cha springi ya lori, tukakifua bapa jipya la sentimita 30, msuka mpana wa chuma hicho hicho, mabega yamezungushwa kwa tupa ya duara. Tulilizima kwenye mafuta, tukalirudisha motoni hadi rangi ya samawati ilipopita, tukalivisha msalaba ule ule na kirungu kile kile, tundu limepanuliwa kidogo. Gramu 470. Halikung'aa, lilibaki na weusi wa moto kwenye shingo, na sikuona sababu ya kuusugua.

"Mzee, mbona sasa hazifanani?" kijana aliuliza alipokuja kuichukua.

Nikamwambia anyooshe mkono, nikaenda kumlipa mama wa chai. Tulibishana kidogo kuhusu chapati ya jana. Niliporudi bado alikuwa amesimama katikati ya vumbi la chuma, anatazama saa ya ukutani, na ncha haijashuka.